Umeumia kwenye ajali? Mambo ya kufanya kabla ya kukubali "kuyamaliza"

Tuchukue mfano ambao mkazi yeyote wa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha ataukubali. Jioni, abiria wa bodaboda anarudi nyumbani. Bajaji inakata kona bila dereva kuangalia, pikipiki inayumba, abiria anaanguka na mguu unavunjika. Watu wanajaa. Dereva wa bajaji anaomba radhi na kutoa shilingi laki mbili. Wazee waliopo wanasema, "Jamani, ajali haina kinga, yamalizeni hapa hapa." Majeruhi ana maumivu makali na hana hata nauli ya kwenda hospitali, kwa hiyo anapokea.

Wiki mbili baadaye daktari anamwambia mguu unahitaji kuwekewa chuma. Namba ya bajaji haijui. Kituo cha polisi hakuna taarifa yoyote. Simu ya dereva haipatikani.

Kila tunapozungumzia ajali hewani, swali linalorudi ni hili: je, mtu wa namna hii bado ana haki? Jibu ni kwamba haki anayo, lakini ameiacha ipotee barabarani. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kuepuka majeraha yanayotokea mara nyingi, nini cha kufanya katika saa za kwanza, na sheria za Tanzania Bara zinampa majeruhi njia zipi za kudai fidia.

Ni kweli ajali haina kinga?

Msemo huo tunausikia kila siku, na una ukweli wake: hakuna ajuaye siku wala saa. Lakini majeraha mengi yana sababu zinazojulikana, na sababu inayojulikana inaweza kuzuiwa.

Tuanze na pikipiki. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Faida hiyo ipo tu ikiwa kofia imevaliwa na kufungwa mkanda. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani, au iliyowekwa kichwani bila kufungwa, huruka kabla kichwa hakijagusa lami. Abiria naye anaihitaji. Ukikuta bodaboda hana kofia ya pili, au anataka kupakia mshikaki, subiri mwingine. Dakika tano za kusubiri ni nafuu kuliko miezi mitano ya kitanda.

Nyumbani, hatari kubwa kwa watoto wadogo iko jikoni. Jiko la mkaa lililo sakafuni, sufuria ya uji yenye mpini uliotokeza nje, chupa ya chai juu ya kitambaa cha meza ambacho mtoto anaweza kukivuta: vyote hivi huunguza. Weka jiko mahali palipoinuka au palipozungushiwa kizuizi, na geuza mipini ielekee ndani. Usilale na jiko la mkaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe taa wala kiberiti. Fungua madirisha, funga mtungi, toka nje.

Mafuta ya taa na dawa za kuua wadudu zisihifadhiwe kwenye chupa za soda au za maji. Mtoto hajui kusoma, anaijua chupa tu. Na ndoo au pipa la maji lifunikwe, kwa sababu mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye maji ya kina kifupi sana.

Kazini, hasa kwenye ujenzi na karakana, majeraha mengi hutokana na kuanguka kutoka juu, kuangukiwa na vitu na kukatwa na mashine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri ahakikishe mazingira ya kazi ni salama na wafanyakazi wana vifaa vya kujikinga. Saidia fundi anayeomba kofia au mkanda wa usalama haombi upendeleo.

Saa ya kwanza: maisha kwanza

Mtu akiumia, kazi ya kwanza ni kuokoa uhai. Jeraha linalotoa damu nyingi libanwe kwa kitambaa safi, kwa nguvu na bila kuachia kila mara kuangalia. Aliyeanguka vibaya na kulalamika shingo au mgongo asivutwe wala kukalishwa, labda kama mahali alipo pana hatari nyingine kama moto au magari. Aliyepoteza fahamu asipewe maji wala soda.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20. Vua pete, bangili na nguo zilizo karibu na jeraha, lakini nguo iliyogandana na ngozi iache. Usipake dawa ya meno, majivu, yai wala mafuta, maana vitu hivi huongeza madhara na hatari ya maambukizi. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa sababu mafuta yakipanda tena yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mpeleke hospitali haraka, na beba chupa aliyonywea.

Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Zote ziwe kwenye simu ya kila mtu wa familia.

Saa ya pili: ushahidi

Hapa ndipo watu wengi hupoteza haki yao. Majeruhi akiwa anapelekwa hospitali, ndugu au rafiki mmoja abaki na kufanya kazi nyingine: kukusanya ushahidi.

Andika namba ya usajili ya kila chombo kilichohusika. Piga picha za barabara, vyombo na majeraha kabla vitu havijahamishwa. Chukua majina na namba za simu za mashahidi wawili au watatu, maana kesho hawatapatikana. Kisha nenda kituo cha polisi kutoa taarifa na kuchukua fomu ya PF3.

PF3 ni fomu ya polisi ambayo daktari huijaza akieleza majeraha aliyoyaona. Watu wengi huichukulia kama kibali tu cha kutibiwa, lakini ni zaidi ya hapo. Ndiyo karatasi ya kwanza inayounganisha jeraha lako na tukio la siku ile. Hali ikiwa mbaya, majeruhi aende moja kwa moja hospitali huku mwenzake akiifuata PF3. Tunza nakala yake, pamoja na risiti zote za dawa, vipimo na usafiri.

Na ile laki mbili ya barabarani? Msaada wa kufika hospitali unaweza kuupokea. Usichopaswa kufanya ni kusaini karatasi inayosema umeridhika na hutadai zaidi, wakati hata picha ya eksirei hujapiga. Karatasi hiyo inaweza kutumiwa dhidi yako baadaye. Kama mnataka kupatana, pataneni baada ya daktari kusema umeumia kiasi gani.

Fidia ya ajali ya barabarani

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimu kila anayetumia chombo cha moto barabarani kuwa na bima inayowalinda watu wengine. Bima hii ndogo, ambayo wengi wetu tunaijua kama "third party", hailipi hasara ya mwenye chombo. Kazi yake ni kumlipa mtu aliyeumizwa au warithi wa aliyeuawa na chombo hicho. Abiria aliyelipa nauli naye anahusika.

Kwa hiyo swali la "dereva mwenyewe ni maskini, nitamdai nini?" mara nyingi si swali sahihi. Swali sahihi ni: chombo kina bima ya kampuni gani? Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki bima kwa kutumia namba ya usajili. Ndiyo sababu tunasisitiza namba ya chombo iandikwe siku ile ile.

Madai hupelekwa kwa maandishi kwa kampuni ya bima, yakiambatana na taarifa ya polisi, PF3, ripoti ya daktari na risiti. Kampuni ikikataa au ikizungusha, mlalamikaji anaweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima au mahakamani.

Jambo moja huwachanganya wengi. Dereva akishtakiwa na kutozwa faini kwenye kesi ya usalama barabarani, faini hiyo huenda serikalini. Mahakama inaweza kuamuru majeruhi alipwe, lakini usikae ukingoja hilo. Fidia kwa kawaida hudaiwa kwa njia ya madai, na hukumu ya kumtia dereva hatiani inakuwa ushahidi mzito upande wako. Fuatilia kesi hiyo na uombe nakala.

Fidia ya kuumia kazini

Mfanyakazi ana njia iliyo rahisi zaidi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Michango hutolewa na mwajiri peke yake, na haipaswi kukatwa kwenye mshahara wako. Tofauti na kesi ya kawaida, hapa huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Inatosha kuonyesha kwamba uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi hiyo.

Mfuko hugharimia matibabu, hulipa asilimia 70 ya mshahara kwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda, kwa kipindi kisichozidi miezi 24, na hulipa fidia ya ulemavu wa kudumu. Mfanyakazi akifariki, wategemezi wake hupata malipo.

Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko ndani ya siku 7. Wewe mwambie mapema, na kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu unaoweza kuutunza. Usikae kimya ukisubiri, kwa sababu madai yasiyotolewa ndani ya miezi 12 yanaweza kupotea. Ukiambiwa "wewe ni kibarua tu" au "kampuni haijajisajili", usiishie hapo. Peleka suala lako ofisi ya WCF iliyo karibu, liamuliwe huko. Kwa walioko Zanzibar, kuna sheria na taasisi zao, hivyo waulize huko.

Ajali nyingine, na saa inayohesabu

Vipi ukitumbukia kwenye shimo lililoachwa wazi na mkandarasi, au ukaumwa na mbwa wa jirani? Hapa unadai kwa msingi wa uzembe: mtu alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, hakuutimiza, na wewe ukaumia kwa sababu hiyo. Mambo hayo matatu ni lazima uyathibitishe. Ikiwa na wewe ulichangia kwa uzembe wako, mahakama inaweza kupunguza kiasi cha fidia.

Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3 kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Ukitaka kuishtaki serikali, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90. Miaka 3 inaonekana mingi, lakini mwaka wa kwanza huishia kwenye matibabu na wa pili kwenye ahadi za "njoo wiki ijayo".

Usiye na fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na taasisi zinazotoa msaada bila malipo. Ulizia kwenye ofisi ya kata au halmashauri yako. Kuwa mwangalifu na anayekufuata wodini na kukusainisha karatasi ya kukufuatilia fidia. Usisaini usichokisoma, na ujue atachukua kiasi gani.

Maelezo haya ni ya jumla, na kila ajali ina mambo yake, kwa hiyo pata ushauri wa mwanasheria kuhusu suala lako. Lakini mambo mawili unaweza kuyafanya leo bila kumwuliza yeyote: funga mkanda wa kofia yako, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwako kwamba siku ukiumia, kabla ya kupatana na yeyote, aandike namba ya chombo na kufuata PF3.