Kutoka Kanda hadi Nota: Sanaa ya Bang on a Can All-Stars

Mwaka wa 1987, watunzi Michael Gordon, David Lang na Julia Wolfe waliandaa jijini New York tamasha la saa 12 mfululizo, ambamo tungo za mikondo iliyohasimiana zilipigwa katika jukwaa moja. Mwaka wa 1992, juhudi hizo zilizaa kundi la wanamuziki sita, Bang on a Can All-Stars. Humo, selo na klarineti za muziki wa chemba huandamana na gitaa la umeme la roki, piano, besi na ala za kugonga.

Mfano mwafaka ni *Music for Airports* (1978) ya Brian Eno. Eno aliunganisha ncha za vipande vya kanda vyenye urefu tofauti, vikajirudia bila kuoana. Mashine ikawa mtunzi mwenza. Mwaka wa 1998, kundi lilitoa albamu ya kazi hiyo ikipigwa kwa mikono na pumzi za watu. Je, kilichozaliwa na sadfa ya mashine hubakia kilekile kikishaandikwa kwa nota? La hasha. Kanda haichoki wala haisikilizi. Mpigaji huchoka, humsikiliza mwenzake, tena humngoja. Fani imehifadhiwa, ilhali maudhui yamepata uhai mwingine.