Bibi kapewa dawa ya kifafa, na kifafa hana

Bibi karudi Maisaka kutoka hospitali. Vipele vya mkanda wa jeshi vimekauka, lakini ubavu bado unawaka moto. Hata khanga ikimgusa anashtuka. Mjukuu anasoma jina la vidonge kwenye simu: "Bibi, hii ni dawa ya kifafa!" Vidonge vinawekwa kando. Usiku bibi halali.

Mzazi, daktari hakukosea. Kifafa hutokea umeme wa ubongo unapozidi kiasi. Neva iliyoumia nayo hupeleka taarifa za maumivu hata pasipo jeraha. Dawa inayotuliza ubongo huweza kutuliza neva hiyo pia, mahali ambapo panado mara nyingi hushindwa. Tangu mwaka 1962 kabamazepini inajulikana kutuliza maumivu makali ya neva ya uso. Gabapentini hutumika baada ya mkanda wa jeshi, na kwa wenye kisukari ambao miguu inawawaka moto.

Dozi huanza ndogo na kupandishwa taratibu. Nafuu huweza kuchukua wiki kadhaa, na si kila mtu huipata. Dawa huleta usingizi na kizunguzungu, hivyo mshike bibi mkono akiamka usiku, na asinywe pombe. Akitoka vipele vipya au akichanganyikiwa, mrudishe hospitali haraka. Mjamzito amweleze daktari hali yake kabla ya kuanza.

Dawa isikatishwe ghafla bila daktari. Na vidonge vikae juu, mbali na watoto.