Mlango wa nakshi, kazi ya patasi kwenye uso wa nyumba

Mlango wa nakshi wa pwani ya Afrika Mashariki ni kazi ya mchongaji kwanza, ya seremala baadaye. Unafunga na kufungua nyumba kama mlango mwingine wowote, ila uso wake umechongwa kwa mkono, na ndio uliomwambia mpita njia nyumba ile ni ya nani. Ukuta wa mawe na chokaa uliachwa mweupe bila pambo. Uzuri wote ulikusanywa mlangoni.

Kwa anayeshuka kutoka Bungu, kwenye Milima ya Usambara upande wa Korogwe, milango mizuri ya aina hii iko Pangani, kwenye nyumba za kale za mji huo ulio mlangoni mwa mto wenye jina hilohilo. Milima na mji huo vina historia moja. Katika karne ya 19 Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala Washambaa akiwa Vuga, alikuwa na sauti hadi pwani, na viongozi wa miji kama Pangani walimtambua yeye pamoja na Sultani wa Zanzibar. Pembe za ndovu zilishuka, nguo na shanga zikapanda. Mlango wa nakshi haukupanda. Nyumba za milimani zilijengwa kwa fito na udongo na kuezekwa majani, na fremu nzito ya mvule huhitaji ukuta mnene wa mawe wa kuishika.

Ufundi wenyewe ni wa kale kuliko milango iliyobaki. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika kuhusu Kilwa na kuisifu milango yake ya mbao iliyochongwa vizuri. Mingi inayoonekana leo, hata hivyo, ni ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, utajiri wa karafuu na misafara ulipowawezesha wafanyabiashara kujenga majumba.

Mlango una miimo miwili ya pembeni, kizingiti cha chini na cha juu, na mbao mbili zinazofunguka kwa ndani. Katikati husimama mfaa, nguzo iliyopigiliwa kwenye ubao mmoja ili kuziba mwanya. Milango ya zamani haikuwa na bawaba: kila ubao uliachiwa ncha juu na chini, zikaingizwa kwenye matundu ya fremu, na ubao ukazunguka juu ya ncha hizo. Nakshi hujaa kwenye miimo, mfaa na kizingiti cha juu, huku mbao zenyewe zikiachwa laini au kupigwa misumari mikubwa ya shaba.

Mwimo husomwa kutoka chini kwenda juu. Mara nyingi chini kabisa kuna samaki, magamba yake yakiwa yamekatwa moja moja. Juu yake hupanda mmea wenye majani na waridi hadi kizingitini, na ukingoni hukimbia mnyororo au kamba iliyosokotwa. Watu hueleza kwamba samaki ni riziki na uzazi, na mnyororo ni ulinzi. Maelezo hayo yana mvuto, lakini hayafai kuchukuliwa kama kamusi. Fundi aliweza kuchonga samaki kwa sababu tu mwalimu wake alimchonga. Ushahidi ulio imara zaidi uko juu, pale kizingiti kinapobeba maandishi ya Kiarabu: jina la Mungu, pengine jina la mwenye nyumba na mwaka. Mwaka huo ni wa Hijria, kwa hiyo 1300 iliyochongwa humaanisha kipindi kilichoanza Novemba 1882.

Mitindo ilibadilika. Kizingiti kilichonyooka ndicho cha zamani. Kile cha nusu duara kilienea mwishoni mwa karne ya 19 kwa mkono wa mafundi wenye asili ya India. Wagujarati walileta mlango wa dukani unaokunjwa, wenye vipande vidogo vya mraba.

Mti uliopendwa na matajiri ni msaji kutoka Asia, lakini mvule, mbambakofi na mfenesi ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Fundi hupiga randa, huchora mchoro juu ya ubao, kisha hushusha mandharinyuma kwa patasi na nyundo ya mti ili ua libaki limeinuka. Mbao pana za mvule sasa ni adimu, na misitu ya Usambara yenyewe inalindwa. Msitu wa Amani, kwa mfano, ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997.

Upungufu huo unaongeza thamani ya milango ya zamani, na pamoja nayo tamaa ya kuing'oa na kuiuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ya Tanzania Bara inaitaja milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940 miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Adui mwingine ni maji: mvua inayoruka kutoka barazani na unyevu wa ardhini huozesha mwimo kuanzia chini, mahali hasa alipo samaki. Fundi mwangalifu hukata sehemu iliyooza peke yake, huunga kipande cha mti wa aina ileile, na kuyachonga upya magamba kwa kufuata yale ya mwimo wa pili.