Nambari Mbili Zinazoongoza Waokoaji

Askari hufundishwa kusoma ramani kabla ya kutumwa porini, kwa maana kikosi kisichojua mahali kilipo hakiwezi kuokoa wala kuokolewa. Siku hizi kompyuta nazo hutia alama katika ramani, lakini kanuni ni ile ile: kila mahali duniani pana nambari mbili. Latitudo hupimwa kutoka Ikweta kwenda kaskazini au kusini. Longitudo hupimwa kutoka Greenwich, Uingereza, kwenda mashariki au magharibi.

Kompyuta haijui mji wala mto. Kioo chake kimejaa nukta ndogo, nazo huhesabiwa kuanzia pembe ya juu ya kushoto. Basi mtengenezaji wa programu hana budi kugeuza digrii ziwe nukta. Ichukuliwe ramani ya dunia ya miraba iliyo sawa, yenye upana wa nukta 720 na kimo cha nukta 360. Kila digrii hupata nukta mbili. Kampala iko karibu na latitudo 0.3 Kaskazini na longitudo 32.6 Mashariki. Jumlisha 32.6 na 180, kisha zidisha kwa 2: ni nukta 425 kutoka kushoto. Toa 0.3 katika 90, kisha zidisha kwa 2: ni nukta 179 kutoka juu. Hapo ndipo alama huchorwa. Kompyuta hurudia hesabu hiyo kwa kila mstari wa orodha, na habari mpya ikifika, alama mpya hutokea papo hapo. Mwenye kuigusa alama husoma habari zake.

Faida ya kazi hiyo ilionekana Haiti, baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 12 Januari, 2010. Watu walituma maombi ya msaada kwa simu za mkononi. Wafanyakazi wa kujitolea waliyafasiri, wakatafuta latitudo na longitudo zake, wakayatia katika ramani ya Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi.

Hata hivyo, kosa dogo laweza kugharimu maisha. Port-au-Prince iko karibu na latitudo 18.5 Kaskazini na longitudo 72.3 Magharibi. Katika kompyuta, magharibi huandikwa kwa alama ya kutoa. Alama hiyo ikisahauliwa, kilio cha mtu aliyefunikwa na kifusi huonekana katika Bahari ya Arabuni, karibu na Mumbai. Nambari za Kampala zikibadilishana nafasi, mji huo huangukia Algeria. Nafasi iliyoachwa wazi ikihesabiwa kuwa sifuri, alama huenda Ghuba ya Guinea, ambako Ikweta hukutana na mstari wa Greenwich.

Yawapasa askari kuwa waangalifu zaidi. Katika ramani ya miraba wamezoea kusoma mashariki kwanza, kisha kaskazini. Lakini kwa desturi latitudo hutajwa kabla ya longitudo. Kwa hiyo mwenye kutuma habari ataje jina la kila nambari, upande wake, na kijiji kilicho karibu. Mpokeaji naye azirudie kwa sauti kabla ya kuziingiza.

Nyumbani pia jambo hili lafaa. Simu nyingi za kisasa huonyesha nambari hizo mbili. Familia iziandike mahali panapoonekana, pamoja na nambari ya simu ya polisi, na watoto wafundishwe kuzisoma kwa mpangilio wake.