Kompyuta za Bodi Moja: Hakiki Programu Kabla ya Kulipa

Kompyuta za bodi moja, kama vile Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, huwavutia walaji wengi kwa bei nafuu na matumizi madogo ya umeme. Hata hivyo, si kila programu itumikayo katika kompyuta ya kawaida itafanya kazi humo.

Chanzo ni kichakataji. Kompyuta nyingi za mezani hutumia vichakataji vya Intel au AMD, ilhali bodi nyingi za namna hii hutumia vya aina ya ARM, vinavyofuata amri tofauti. Programu iliyoandaliwa kwa aina moja haisomeki na nyingine. Kwa hiyo, programu iliyoandikwa kuwa ni "ya Linux" si lazima ifanye kazi katika kila kompyuta yenye Linux.

Programu ambazo msimbo wake uko wazi, kama LibreOffice na Firefox, zimekwisha kuandaliwa kwa ARM na hupatikana bila malipo. Tatizo hujitokeza pale ambapo mtengenezaji pekee ndiye awezaye kuiandaa programu upya: programu za hesabu za biashara, michezo, na hasa programu za kuendeshea printa. Mwenye duka aweza kununua bodi, akaiunganisha na printa yake ya risiti, kisha akagundua kwamba mtengenezaji alitoa programu ya Intel peke yake. Bodi si mbovu, printa si mbovu, lakini risiti haitoki.

Zipo programu za kutafsiri amri, kama Box64, ziwezeshazo baadhi ya programu za Intel kufanya kazi; lakini kasi hupungua na mafanikio hayana uhakika.

Kabla ya kulipa, tunakushauri:

1. Orodhesha programu na vifaa unavyovitegemea.

2. Soma jina la faili la programu. "arm64" ni ya ARM ya biti 64 na "armhf" ni ya biti 32. "Amd64" ni ya Intel na AMD.

3. Uliza mfumo uliowekwa ni wa biti ngapi. Bodi ya biti 64 yaweza kuwa imewekewa mfumo wa biti 32.

4. Mwombe muuzaji akuonyeshe programu yako ikifanya kazi, na aiandike ahadi yake kwenye risiti.

Muuzaji akikataa kuandika, ahirisha ununuzi.