Bomba la Mafuta na Hatari za Kisiasa

Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limepimwa kuwa na urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo Tanzania. Njia yake hukatiza Wilaya ya Muleba, ambamo Rubya imo. Mafuta yaligunduliwa mwaka 2006 karibu na Ziwa Albert; kwa nini basi uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitolewa Februari 2022?

Sehemu ya jibu imo katika mafuta yenyewe. Yana nta nyingi, na katika joto la kawaida huganda. Bomba zima halina budi kuvikwa tabaka la kuhifadhi joto na kupashwa kwa umeme, ili mafuta yasipoe chini ya nyuzi 50 za Sentigredi. Gharama hupanda, na mtaji ukishafukiwa ardhini hauhamishiki.

Kabla ya ujenzi, mwekezaji anaweza kuondoka. Baada ya ujenzi, serikali ndiyo yenye nguvu, maana yaweza kubadili kodi naye hana pa kukimbilia. Wachimbaji wa Marekani wapasuao miamba ya matope yaliyogandamana wana nafuu: kisima chao hutoa sehemu kubwa ya mafuta yake katika miaka michache ya mwanzo, hivyo fedha hurudi mapema. Bomba hungoja miongo.

Hofu hiyo si ya kubuni. Mwaka 2019 kampuni ya Tullow ilishindwa kuuza sehemu ya hisa zake kwa Total na CNOOC kwa sababu ya mvutano wa kodi na serikali ya Uganda. Mwaka 2020 iliuza hisa zake zote nchini humo kwa dola milioni 575. Mikataba ya 2021 ilikusudiwa kutuliza mambo ya namna hiyo. Haikuweza, hata hivyo, kuyashawishi mabenki mengi ya Ulaya, yaliyokataa kukopesha kwa sababu za mazingira na haki za wakazi. Fungu la kwanza la mikopo ya nje lilipatikana Machi 2025, Afreximbank ikiwa miongoni mwa wakopeshaji.

Tanzania si mpangishaji wa ardhi tu: kupitia TPDC ina asilimia 15 ya hisa, hivyo hasara ikitokea nayo itaionja. Ucheleweshaji nao una bei. Baadhi ya wakulima njiani mwa bomba, mashamba yao yalipokwisha kuthaminiwa, walizuiwa kupanda mazao ya kudumu huku wakingoja fidia. Mche wa kahawa huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa.