Nati ya Kiti Ilivyoninyima Usingizi Dakawa

Kama na wewe ni mtoto wa mjini kama mimi, unayelijua trekta kwa kuliona kwenye picha ya kalenda tu, basi kaa mkao wa kula. Leo siandiki habari za mapenzi wala za mitindo ya nywele. Naandika habari ya nati moja, kubwa kidogo tu kuliko kifuniko cha soda, iliyonikosesha usingizi usiku kucha kule Dakawa.

Ilikuwa hivi. Mimi mwenzenu tangu nimalize kidato cha nne niko nyumbani Magomeni, nakula na kulala, na mara mojamoja ndiyo namletea mhariri makala. Mjomba wangu anayelima mpunga Dakawa, wilaya ya Mvomero, akapiga simu. "Mjomba, huko mjini unahesabu magari tu. Njoo huku unisaidie msimu huu, hela ya sabuni haitakosa." Nikafunga begi. Kutoka Msamvu Morogoro mpaka Dakawa ni njia ileile ya kwenda Dodoma, hata hujachoka umefika.

Mjomba ana trekta, Massey Ferguson 135. Vijana wa pale wanaliita "Babu", na wana haki. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Injini yake ni Perkins ya silinda tatu, hainywi mafuta mengi, na hata ikilia vibaya bado inakwenda. Utaalamu wake mkubwa uko nyuma. Ile mikono mitatu inayobeba plau na kuiinua kwa nguvu ya oili ni wazo la mzee mmoja wa Ireland, Harry Ferguson. Kabla yake trekta lilikuwa linakokota jembe kama punda anavyokokota mkokoteni.

Sasa mikono ya Babu ilikuwa imechoka. Mjomba akivuta kirungu, plau inapanda shingo upande, inakaa dakika moja, kisha inashuka yenyewe puu! Fundi akaja, mzee wa pale pale Dakawa, mfupi, kofia ya baraghashia imekolea oili. Akatazama, akasema sili ya pistoni imekula, lazima tufungue mgongo.

Mgongo ni kile kifuniko kikubwa cha chuma chini ya kiti cha dereva. Ukitaka kukitoa lazima kiti kitoke kwanza. Kifuniko chenyewe kizito hasa, kwa hiyo mjomba akaazima chenibloku kwa jamaa mmoja wa Dumila, tukaitundika kwenye tawi la mwembe na Babu akasogezwa kwa kusukumwa mpaka chini yake. Ungetuona ungedhani tunamfanyia mtu upasuaji.

Mimi kazi yangu ilikuwa kufungua kiti. Nati nne. Fundi alikuwa na kopo la maziwa la kutunzia bolti zake, lakini mimi, kwa ujuaji wa mjini, nikaona niweke nati zangu kwenye mfuko wa shati. Hapa kifuani. Nilishawahi kuona mafundi wa Gerezani wakifanya hivyo nikaona inapendeza.

Kazi ya sili ilikwenda vizuri. Jioni tukaanza kurudisha kifuniko. Fundi ameshika mnyororo, mjomba anasukuma upande ule, mimi nikaambiwa niiname nichungulie kama kile kijiti cha chini kinaingia mahali pake kwenye pampu. Nikainama. Msomaji wangu, nadhani umeshajua kilichotokea.

Nikasikia chubwi. Sauti ndogo, kama jiwe mtoto anarusha kwenye ndoo ya maji. Nikashika mfuko. Zilikuwa tatu.

Nikawatazama wenzangu. Hakuna aliyesikia. Fundi alikuwa anaimba kaswida yake polepole huku anateremsha mnyororo, na mjomba akasema, "Safi sana mjomba, una jicho zuri." Sasa hapo, kwa mtu aliyesifiwa mara ya kwanza tangu matokeo yatoke, unafungua mdomo useme nini? Kifuniko kikakaa. Bolti zikakazwa. Chenibloku ikapakiwa kwenye bodaboda ikarudi Dumila kwa mwenyewe. Fundi akaenda kunawa, akaniambia, "Haya kijana, malizia kiti."

Nikafunga nati tatu. Ile bolti ya nne nikaipaka grisi nyingi na udongo juu yake, ili mtu akitupa jicho aone kama kuna nati. Nawaambia ukweli, kwa kuwa nyie hamnijui sura.

Usiku tukala wali kwa kambale wa Mto Wami. Mjomba alikuwa na furaha, anapanga ya kesho. Kulikuwa na ekari 22 za watu waliokwisha lipa nusu, na ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mjane mwenye ekari tatu ambaye alishakuja mara mbili kuuliza. Na mvua ilikuwa inapiga kule milima ya Nguru, radi unaziona. Ardhi ya Dakawa ni mbuga nyeusi. Ikiwa kavu inalimika kwa tabu, ikilowa kidogo inalimika vizuri, ikilowa sana trekta linazama mpaka ekseli na unaita watu wenye majembe. Kwa hiyo siku mbili tatu hizo ndizo zilizokuwa za kula au kulala njaa.

Mimi nikajifanya nauliza kama mwanafunzi. "Hivi fundi, kitu kikiangukia mle ndani inakuwaje?"

Fundi akanieleza kwa kirefu. Kwenye gari, gia boksi ina oili yake na difu ina yake. Kwenye Massey hii vyote viko chumba kimoja. Oili inayoinua plau ndiyo hiyohiyo inayolainisha gia na difu, na pampu imelala humo humo kama kiboko bwawani. Kwa hiyo kitu kikianguka nyuma hakina mlango wa kukizuia kisifike kwenye krauni, lile gurudumu kubwa la meno. "Kikilala chini kwenye kona, kinaweza kukaa miaka," akasema. Hapo akanyamaza, akachambua mwiba. Kisha akaendelea. "Lakini siku krauni ikikipandisha kikaingia kati ya meno, basi. Ama meno yanakatika, ama hauzingi yenyewe inapasuka. Hapo unauza chuma chakavu."

Usingizi niliusikia kwa majirani. Kila nikifumba macho naona nati inapanda lifti kwenye meno ya krauni. Nikajipa moyo kwamba nati ni kitu kidogo, dunia kubwa. Halafu namkumbuka yule mama wa ekari tatu.

Saa kumi na moja alfajiri mjomba akapanda juu ya Babu. Plau imefungwa, dizeli imejaa. Akaketi, kiti kikayumba kidogo. Akaangalia chini, akajisogeza, akatia ufunguo.

"Mjomba, usiwashe!"

Sikujua kama ni mimi niliyesema. Nikamweleza yote, mpaka ile grisi na udongo. Ningefurahi kama angenitukana, maana matusi yana mwisho. Mjomba alichomoa ufunguo, akautia mfukoni, akateremka taratibu, akaenda kukaa kwenye mzizi wa mwembe akitazama Nguru. Hakunena neno. Mke wa mjomba ndiye aliyesema, "Basi mwiteni fundi, kukaa hivyo kutasaidia nini?"

Fundi alipofika akanitazama muda mrefu. Nilitegemea kofi. Akasema tu, "Umesema. Wengine hawasemi." Kisha akaanza kazi.

Chenibloku ilishakwenda, na mwenyewe alikuwa safarini nayo, kwa hiyo mgongo haukufunguka tena siku ile. Kulikuwa na njia ya kulitenga trekta vipande viwili katikati, lakini hiyo ni kazi ya siku kadhaa na magogo ya kuegemeza, na mawingu hayakuwa na subira hiyo. Fundi akachagua ubavu. Ubavuni mwa Babu kuna kifuniko kidogo cha bolti, ukikitoa unaona pampu na mkono unaweza kuingia, kama ni mkono mwembamba.

Kwanza tukamwaga oili. Ilijaza dumu moja la lita ishirini na la pili halikufika juu. Tukaichuja kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, maana oili hiyo ni ghali na ilikuwa lazima irudi. Nati haikutoka. Ulitoka ule unga mweusi wa chuma unaong'aa kwenye jua, ambao fundi alisema ni wa kawaida, chuma kikizeeka nacho kinapukutika.

Mimi nikaleta ujanja wangu. Nikavunja spika ya redio mbovu, nikatoa sumaku, nikaigonga nyundo nikapata kipande, nikakifunga kamba, nikakishusha ndani kama mvuvi. Kak! Kikaganda kwenye ukuta wa hauzingi. Nikakibandua, kak! kikaganda kwenye pampu. Ndugu zangu, tumbo la trekta lote ni chuma. Sumaku humo ni kama mlevi kwenye mtaa wa vilabu, haifiki anakokwenda.

Fundi akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akakata mpira wa tyubu ya baiskeli, akakizungushia kile kipande cha sumaku pande zote, akaacha uso mmoja tu wazi. Akakibana kwenye ncha ya waya mrefu wa hanga aliokuwa ameunyoosha. Sasa kikigusa ukuta kwa ubavu, mpira unakizuia kuganda, na uso wake unabaki kuangalia chini. Kitu chepesi hivyo mimi na kidato changu cha nne nisingekiwaza.

Lakini upeleke wapi? Humo ni giza. Binamu yangu, binti wa mjomba aliye kidato cha pili, akasema, "Leteni simu." Akaifunga simu kwenye mfuko wa nailoni, akawasha taa na video, akaiingiza ubavuni, akaizungusha, akaitoa. Tukakusanyika vichwa vyote vinne kwenye kioo kidogo. Pampu. Shafti. Ukuta. Na kule nyuma, chini kabisa, karibu na meno ya krauni, kitu chenye pembe sita. Moyo wangu ukaruka.

Mkono wa fundi uliishia kwenye kiwiko. Wangu vivyo hivyo. Binamu akavua bangili, akajipaka oili mpaka begani, akaingiza mkono na waya, shavu lake limelala kwenye chuma cha Babu, macho kafumba. "Imegusa… imeteleza… subiri." Mjomba alikuwa ameshaondoka kwenye mzizi, amesimama nyuma yetu. Akavuta taratibu. Kwenye ncha ya waya kulikuwa na kitu.

Haikuwa nati.

Ilikuwa bolti fupi, nyeusi, kichwa kimetafunwa kama muwa. Alama za meno zilionekana wazi. Fundi aliipokea kabla mjomba hajasogea vizuri, akaifuta kwa kidole, akaitia mfukoni. "Takataka," akasema. "Rudisha mkono, binti." Mimi nilikuwa upande wake nikaiona vizuri, na nikamwona uso. Mjomba ameshatuambia mara nyingi kwamba tangu alinunue trekta lile, hakuna mwingine aliyewahi kulifungua ila huyo mzee. Inawezekana bolti iliingia enzi za mwenye trekta wa kwanza. Inawezekana.

Mara ya tatu nati ikatoka. Binamu akaiinua juu na sumaku yake kama kombe la michezo ya shule, akadai soda mbili, moja ya kila mkono, ingawa ni mmoja tu uliofanya kazi. Fundi akaturudisha kwenye video tena, tukaangalia kila kona kama hamna kingine. Kisha kifuniko cha ubavu, oili, na kiti. Safari hii fundi alizihesabu nati kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, akiniangalia mimi. Akanionyesha pia jambo ambalo angepaswa kunionyesha jana yake: ukifungua tundu lolote la mashine, kabla hujashika spana, unaliziba kwa matambara safi, na mfuko wa shati unautoa kabisa kitu kilichomo. "Hata kalamu," akasema.

Saa nane mchana Babu aliunguruma. Mjomba akavuta kirungu, plau ikapanda, ikakaa juu, haikushuka. Akaondoka nalo kuelekea kwa yule mama mjane bila kunitazama, lakini akiwa barabarani akageuka akapiga kelele, "Mjomba, lete dumu la maji!" Nikajua nimesamehewa, au angalau nina kazi. Ekari tatu zikaisha usiku kwa taa. Mvua ilikuja siku ya tatu, kubwa, na hesabu ikawa imefika ekari kumi na saba kati ya zile 22. Zile tano zikasubiri mbuga ikauke, na wenyewe walimnunia mjomba wiki nzima, jambo ambalo deni lake ni langu.

Siku naondoka, fundi alinisindikiza kituoni. Akaninunulia mahindi ya kuchemsha. Tukakaa kimya tunatafuna, basi halionekani.

"Ulimwambia?" akaniuliza.

"Sijamwambia, fundi."

Akatikisa kichwa. Akatoa ile bolti mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Nitamwambia mwenyewe," akasema. Basi likaja.

Kama amemwambia au la, sijui. Mjomba hasomi magazeti ya namna hii. Anasema yana picha nyingi.